Katogota: Tunachanga pesa ya turbo, nani atachanga pesa ya breki?

Jambo la leo haliingii ndani ya dakika tano za habari, ndiyo maana naliandika. Ni jambo la kamio. Najua kuna atakayesema: watu wanalala ndani ya mahema, wewe unatuletea hadithi ya kamio? Ndiyo, naileta. Siku ile tulipokimbia, wengi wetu hatukukimbia kwa miguu. Tulikimbia juu ya kamio, na siku ya kurudi tutarudi juu ya kamio zilezile.

Nasema wazi tangu mwanzo: kamio za zamani tunazozitengeneza wenyewe, kwa michango ya marafiki, tunazitengeneza vibaya. Mafundi tunao na moyo wa kusaidiana tunao. Kosa letu ni kwamba tunaongeza kile kinachosikika na kuonekana, halafu kile kinachookoa watu tunakiacha "mpaka kesho". Na mimi ninayeandika nilikuwa mmoja wao. Mkono wangu uliinuka pamoja na mingine siku ya kuamua.

Ilivyokuwa

Rafiki yetu mmoja, jina lake nitaliacha, ana Canter ya zamani ya mazutu, ile ya moteri 4D32. Ilitoka Japani wakati baadhi yetu hatujaanza shule ya msingi, ikazeekea nchi nyingine, kisha ikaja kumalizia uzee wake kwetu. Volani yake iko kuume, na sisi Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Basi shofere akitaka kupita gari lingine lazima amuulize konvwayeri aliye kushoto: "Iko wazi?" Kamio hiyo ndiyo ilikuwa inatoa mihogo, nyanya na mahindi yetu kupeleka Sange na Uvira, na jioni inarudi na chumvi, sabuni na ndagala.

Ilikuwa imechoka. Ikibeba mzigo inatoa moshi mweusi, ikifika mahali pa kupanda inalia kama mtu anayeinuliwa kitandani. Wafanyabiashara wakaanza kumkimbia rafiki yetu na kupakia kwa wengine. Mtoto wake wa kwanza yuko sekondari, wa pili anangoja minervali. Tukasema, kama marafiki wa likirimba moja, hatutamwacha. Tulikuwa saba: msomesha, mchomelea vyuma, wauza nyanya wawili, mwendesha moto mmoja, mwenye kamio mwenyewe na mimi wa redio. Kila mmoja akatoa dola 50, na aliyekosa pesa akatoa siku za kazi.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Jambo hilo lilikuwa zuri. Katika bonde hili hakuna benki inayomkopesha mwenye Canter ya miaka 30. Kama marafiki hawakusaidii, hakuna mwingine. Sisemi vibaya juu ya kuchanga. Nasema juu ya kile tulichokinunua.

Tulinunua nini? Turbo, iliyotolewa kwenye moteri nyingine na kupatikana Bujumbura baada ya kutafutwa wiki mbili. Resori za kuongeza nyuma, ili kamio isikae chini ikipakiwa. Mbao na vyuma vya kupandisha kuta za karoseri. Taa nne za mbele. Honi ya hewa ambayo watoto wa Katogota waliisikia kutoka shuleni na kujua ni nani anayekuja. Na rangi mpya, na maneno juu ya kioo.

Fundi wetu ni mzee aliyejifunza kazi wakati kiwanda cha sukari cha Kiliba kilikuwa bado kinasaga miwa. Alifungua gurudumu moja la nyuma, akaangalia, akafunga. Akasema: "Bana yangu, munaongeza nguvu ya kukimbia. Nguvu ya kusimama, nani ataiongeza?" Akaomba tununue garnitire za breki za magurudumu yote manne, metre silinda, na chupa za mafuta mapya ya breki. Tukahesabu. Pesa ya turbo peke yake ingetosha vyote hivyo na chenji ya soda ingebaki. Tukamwambia: "Mzee, hiyo tutaifanya mwezi ujao." Mkono wangu ulikuwa juu.

Kuna jambo lingine ambalo siku ile sikulijua. Canter ina kifaa kidogo ndani ya bomba la moshi, ambacho mashofere wanakiita breki ya moteri. Shofere akikiita, kinaziba njia ya moshi, moteri inabana, na kamio inapungua mwendo bila kuchosha breki za magurudumu. Bomba la turbo halikulingana na bomba la zamani, basi kile kifaa kikaondolewa na kutupwa kando ya garaji. Breki hatukuitengeneza, na ile ndogo ya msaada tukaitoa kwa mikono yetu. Halafu tukapiga honi na kunywa soda.

Siku ya kukimbia

Mwezi wa pili wa mwaka 2025 mnaukumbuka, sina haja ya kuwasimulia. Hapa siandiki nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Naandika juu ya mama na magodoro yao. Wengine walivuka mto kuelekea Cibitoke, mpaka uwanja wa Rugombo ukajaa. Wengine walishika barabara ya taifa namba 5 kuelekea Luvungi, Sange na Uvira. Rafiki yetu, nampongeza kwa hilo hata leo, hakukimbia na kamio tupu. Alisimama hapa Katogota na kusema: panda. Wenye pesa walilipa, wasio nayo walipanda bure. Nilihesabu watu mpaka 40 nikaacha. Magunia chini, magodoro juu, watu juu ya magodoro, mbuzi wamefungwa pembeni. Mimi nilikuwa mbele, kati ya shofere na konvwayeri, na kirekodi changu mfukoni.

Turbo ilifanya kazi yake. Kamio iliyokuwa inalia sasa ilikuwa inaruka. Watu nyuma walikuwa wanapiga makofi, kwa sababu kila kilometa ilikuwa kilometa moja mbali na risasi.

Kabla ya kufika Sange kuna mahali barabara inashuka kidogo kuelekea daraja. Chini ya mteremko watu walikuwa wamejaa barabarani, wanatembea na mikeka kichwani, na ng'ombe kati yao. Shofere akakanyaga breki. Nilimwona mguu wake unakwenda mpaka chini, kama mtu anayekanyaga matope. Akakanyaga tena na tena. Akapiga ile honi yetu nzuri. Watu wakageuka kutuangalia, lakini mtu mwenye mtoto mgongoni na gunia kichwani haruki kama swala. Shofere akakata volani, tukaingia shamba la mihogo.

Hakuna aliyekufa. Natoa shukrani kwa Mungu, na kwa shofere, na kwa mihogo ya mtu nisiyemjua. Lakini kamio iliinama, na waliokuwa juu walimwagika kama mahindi. Mama mmoja alivunjika mguu. Mtoto wa miaka sita hivi alivunjika mkono. Wengine walipasuka na kuchubuka. Mama yule alikuwa amekimbia risasi akiwa mzima, na sisi marafiki wazuri ndio tuliomvunja. Nimemwona tena huko Uvira. Anatembea na fimbo. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za redio. Hajui kwamba dola zangu 50 ziko ndani ya fimbo ile.

Baadaye magurudumu yalifunguliwa. Garnitire zilikuwa zimeisha mpaka vichwa vya ribiti vinakwaruza tamburu. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limelowa mafuta. Yale ya ndani ya chombo cha breki yalikuwa meusi kama kahawa. Hakukuwa na uchawi wala mkono wa adui. Mzee fundi alikuwa ameshatuambia.

Kwa nini naandika sasa

Naandika kwa sababu juzi simu iliita. Kamio imetolewa shambani, imenyooshwa, iko tayari kutengenezwa tena, na marafiki wanachanga kwa mara ya pili. Nikauliza: cha kwanza kwenye orodha ni nini? Wakanijibu: turbo nyingine, ile ya kwanza imeungua.

Ndugu zangu, nawapenda, lakini kwa turbo hiyo sitatoa hata franka moja. Na kwa sababu najua kwamba kundi letu si peke yake, na kwamba kutoka Kamanyola hadi Uvira kuna makundi mengine chini ya miembe mingine yanayochanga hivihivi, nawajibu hapa mbele ya watu wote.

Hesabu ambayo hatukuifanya

Turbo inazungushwa na moshi wa moteri, mara zaidi ya laki moja kwa dakika, na kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, mazutu yanaweza kuongezwa, na nguvu inaongezeka. Joto nalo linaongezeka. Moteri iliyotengenezwa bila turbo haikuandaliwa kwa joto hilo: pistoni zake, mafuta yake, hata maji ya radiyateri, vyote vilipimwa kwa nguvu ya mwanzo. Ndiyo maana turbo yetu iliungua. Lakini tuseme isingeungua. Tuseme ingekuwa nzuri kabisa. Ingefanya nini kwenye breki? Hakuna.

Sasa hesabu. Zamani kamio yetu ikiwa na mzigo ilikuwa inakwenda kilometa 40 kwa saa. Baada ya turbo ilikwenda 60. Mtu anafikiri ameongeza nusu. Breki haihesabu hivyo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Kutoka 40 kwenda 60, kazi ya breki inaongezeka zaidi ya mara mbili. Halafu tuliongeza resori na kuta za karoseri ili kamio iliyokuwa inabeba tani 3 ibebe 6. Mzigo mara mbili, na kazi ya breki inaongezeka tena. Vikutanishe: breki zilezile, zilizoisha, tulizipa kazi ya zaidi ya mara tatu. Hata ng'ombe wa kulima ukimfanyia hivyo atalala chini.

Kama hesabu inakuchosha, mwangalie mtu wa baiskeli anayeshuka na magunia mawili ya makaa. Haogopi kupanda, kwa sababu kupanda ni jasho tu. Anaogopa kushuka. Ndiyo maana viatu vyake vimeisha kwenye kisigino.

Na mafuta ya breki. Wengi wanafikiri ni mafuta tu kama mengine. Mafuta haya yanavuta maji kutoka hewani, polepole, mwezi kwa mwezi. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Breki ikipata joto kwenye mteremko, yanachemka ndani ya bomba, yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa kama mpira. Mguu wa shofere unakwenda chini na gurudumu halisikii. Nimeona pia, kwa macho yangu, watu wanaongeza maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Mnajua sufuria ya ugali inachukua dakika ngapi.

Visingizio

Cha kwanza: "Kamio bila nguvu haiwezi kupanda Ngomo." Ni kweli, na ninyi mnaoijua barabara ya kwenda Nyangezi mnajua sitanii. Lakini Ngomo unayoipanda ndiyo utakayoishuka, na huko chini hakuna shamba la mihogo la kukupokea, ni bonde tu. Kamio iliyoshindwa kupanda inakulaza njiani usiku mmoja, utapiga simu nyumbani. Kamio iliyoshindwa kusimama, wengine ndio watapiga simu kwako.

Cha pili: "Hatuna pesa." Hiki ndicho kinachoniudhi zaidi, kwa sababu tulikuwa nayo. Pesa ilipatikana ya honi na ya rangi. Pesa ilipatikana ya maneno juu ya kioo yanayosema Mungu ni mlinzi. Tulimwachia Mungu kazi ya garnitire.

Cha tatu: "Barabara ni mbaya, serikali iitengeneze kwanza." Barabara ni mbaya, na hapa tumeisema mara nyingi na tutaisema tena. Lakini kama barabara ni mbaya, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuwa na breki. Mtu ambaye nyumba yake inavuja haitoboi tena kwa kuwa jirani hajaleta bati.

Cha nne kinasemwa kwa sauti ya chini: "Ni vita, katika vita hakuna anayeangalia breki." Nimekisikia kwa watu wazima. Nawajibu hivi. Katogota inajua kuhesabu wafu wake. Tuna tarehe yetu, 14 Mei 2000, na kila familia hapa inajua ni nani aliyekosekana mezani baada ya siku hiyo. Kijiji kilichozika hivyo hakina watu wa ziada wa kupoteza kwa sababu ya garnitire. Mtu aliyeponyoka risasi amelipa tayari. Asilipe mara ya pili juu ya kamio yetu.

Na Sange? Je, tumesahau Sange? Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale kwenye barabara hii hii, likashika moto, na watu zaidi ya 230 wakafa, wengi wao watoto na mama, na wengine waliokuwa wamekaa kuangalia mpira wa Kombe la Dunia. Sisemi kwamba lile lilikuwa jambo la breki. Nasema kwamba gari moja, upande mmoja wa barabara, lilimaliza familia nzima kwa usiku mmoja. Barabara yetu inapita katikati ya nyumba zetu. Jirani hakuichagua kamio yako, hakuipanda, hakuichangia, lakini ikishindwa kusimama itasimama kwake.

Bariyeri nyingi, swali moja

Lazima niseme na upande wa pili. Kutoka hapa mpaka Uvira kamio inasimamishwa mara ngapi? Wenye kusafiri wanajua. Kila kamba ina mtu wake, kila mtu ana karatasi yake, na wengine hawana hata karatasi. Katika safari zangu zote juu ya kamio hiyo nimesikia maswali mengi: umebeba nini, wa nani, unakwenda wapi, uko na nini ya kutuachia. Sijasikia hata siku moja mtu akiuliza: hebu kanyaga breki tuone.

Pesa inayobaki kwenye kamba hizo kwa mwezi ingevisha magurudumu yote manne garnitire mpya. Mashofere wanalia juu ya hilo, na wana haki ya kulia. Anayechukua pesa ya barabara bila kuangalia kama gari linaweza kusimama ameuza ruhusa ya kuua. Lakini hilo halitufuti sisi. Bariyeri haikunikataza kuinua mkono kwa ajili ya breki. Nilijikataza mwenyewe, kwa sababu turbo ilikuwa tamu zaidi masikioni.

Kwa familia zinazosafiri

Ninyi mnaorudi vijijini, au mnaohamishwa kutoka mahali kwenda pengine, nawapa mambo machache ya kuangalia. Hayahitaji shule wala pesa.

Kabla ya kupanda, mwambie shofere akanyage breki na kuushika mguu hapo mpaka uhesabu 30. Kama pedali inaendelea kuzama polepole, kuna mahali panavuja. Usipande.

Inama uangalie upande wa ndani wa magurudumu. Kukiwa na alama ya mafuta inayotiririka, mpya na inayong'aa, usipande.

Mkiwa njiani, mkisikia harufu kama ya nguo au mpira unaoungua baada ya mteremko, pigeni kuta za karoseri mpaka asimame. Breki zipoe. Msiogope kuitwa wasumbufu.

Mwambie konvwayeri awe na kipande kikubwa cha mti au jiwe la kuweka chini ya gurudumu, na liwe juu ya kamio, lisitafutwe wakati kamio tayari inarudi nyuma.

Watoto na wazee wakae chini, katikati. Juu ya magodoro wasikae kabisa. Kama nafasi haipo chini, basi kamio imejaa. Najua siku ya risasi hakuna anayechagua. Lakini siku za risasi si zote, na siku nyingine tunaweza kuchagua.

Kwa marafiki wenye kuchanga

Na ninyi wa chini ya mwembe, wenzangu na wote wanaofanana nasi, sisemi muache kuchanga. Kamio ya zamani iliyotunzwa inaweza kulisha nyumba nyingi katika bonde hili, na nyanya za Katogota hazina njia nyingine ya kufika sokoni kabla hazijaoza. Nasema tubadilishe utaratibu.

Pesa ya kwanza iingie kwenye breki: garnitire, tamburu zikaguliwe, metre silinda, mabomba, mafuta mapya. Breki ya moteri irudishwe mahali pake. Pesa ya pili iende kwenye volani na mapine. Ya tatu kwenye taa na wiper, maana mvua ya bonde hili inapiga kama mawe. Ikibaki ya nne, moteri ioshwe kwa kazi ya kawaida: mafuta, filta, mapua ya mazutu yasafishwe na kupimwa, valvu zipimwe. Mzee fundi aliniambia kwamba nusu ya ule moshi mweusi ulikuwa wa mapua yaliyochakaa na filta ya hewa iliyojaa vumbi. Tungeyasafisha hayo, labda hata hamu ya turbo isingekuja.

Turbo iwe ya mwisho, na mimi ningependa isiwepo kabisa.

Na jambo moja zaidi. Mahali tunapochangia, fundi awe na sauti. Sisi tulimpa mzee wetu bisibisi na kumnyima neno. Tulipiga kura saba, yeye aliyejua hakupiga hata moja. Kuanzia leo katika likirimba yetu, kama watanisikiliza, fundi akisema breki haiko sawa, hakuna kura. Kamio inabaki imesimama.

Nimemaliza, ila deni moja limebaki. Dola 50 za mchango wa pili ninazo mezani, na nimewaandikia marafiki: zikienda kwenye breki, zichukueni leo. Kama ni turbo, nitazipeleka Uvira kwa yule mama mwenye fimbo, na nitamwambia kwa nini nimezileta. Labda nimwambie hata hivyo. Nafikiri ana haki ya kujua aliyechangia mguu wake.

Marafiki wangu wanasoma ukurasa huu. Nangoja simu yao.